Mgeni Rasmi Yuko Ndani, Utepe Uko Nje

Kitendawili!

Nimesikia mmeitikia, haya sikilizeni: Wangu kazikwa asubuhi, mchana kaja kudai chai.

Mnakuna vichwa. Mmoja kasema mzimu, mwingine kasema muhogo, na yule wa nyuma asiyewaza ila tumbo lake kasema mkate. Wote mmekosa, basi nipeni mji. La, huo mlinipa juzi na miguu bado inaniuma. Nipeni ule wenye nguzo nyingi za taa na taa hakuna, ule wa nchi ambayo jina lake wenyewe wameomba lisitajwe kwa sababu bado wanalipigia kura. Ahsanteni. Nikaenda, nikafika, nikakaribishwa, nikala, nikaona. Niliyoyaona ndiyo haya, na jibu la kitendawili limo humu ndani kama nyama kwenye mchuzi wa shughuli: lipo, ila kila mtu ajitafutie.

*

Nchi ile ilikuwa na chombo cha kwenda kwenye nyota. Sikusema kilikwenda. Nimesema walikuwa nacho.

Kilisimama kwenye kiwanja cha gwaride, kirefu, cheupe, ubavuni kimepakwa rangi za bendera, na jina lake Fahari ya Taifa. Injini hakikuwa nayo. Zabuni ya injini ilikuwa mezani kwa bwana mmoja aliyekwenda semina, na semina yenyewe ilihusu namna ya kuharakisha zabuni. Kwa hiyo chini ya chombo kulikuwa na kivuli kizuri sana, na mbuzi wa askari wakalala hapo wakicheua kwa raha zao.

Lakini manahodha walikuwapo, tena tele. Kila mmoja alikuwa na kofia yenye nyuzi za dhahabu, na kila mmoja alilipwa posho ya mwinuko, kwa maana kiti cha nahodha kina miguu mirefu.

Nikamwuliza mwenyeji wangu, "Ndugu yangu, nahodha wa chombo kisichoruka anafanya kazi gani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa kanga kichwa chini. "Anakingoja, bibi."

"Na kikiruka?"

"Mungu apishe mbali. Kikiruka si ndipo watatuuliza kinakwenda wapi?"

*

Kofia ile haikutolewa hivi hivi. Kulikuwa na mtihani.

Mtihani ulifanyikia kwenye chumba cha barafu kilichoachwa na shirika la samaki lilipokufa. Kuta zake nene, dirisha hakina, mlango wake mzito unabana kama mdomo wa mke aliyenuna. Ndani wakaweka viti, kioo kikubwa cha kuonyesha nyota, taa nyekundu za kutisha, na kishikio chekundu cha kufungulia mlango, kisichoguswa ila na nahodha. Tundu moja juu ukutani liliingiza hewa ya feni. Siku za joto, anga yote ilinuka changu.

Mtahini alikuwa mashine kutoka nchi za mbali. Ilipofika mara ya kwanza ilikuwa na desturi mbaya ya kupiga kelele: "Hatari! Hatari! Amua sasa!" Waziri alipoijaribu akaruka kitini. "Nani huyu ananifokea?" akauliza. Mashine ikapelekwa kwenye kamati ya lugha ya wizara ikafundishwa adabu, na iliporudi ilikuwa ikisema hivi:

"Shikamoo, Mheshimiwa Nahodha."

Kisha inanyamaza. Usipoitikia marahaba, haiendelei. Ukiitikia, inasema, "Samahani kwa usumbufu. Kwa heshima na taadhima, naomba kutoa taarifa kwamba kimondo kimetoboa chombo chako."

Basi shida yenyewe ni hii. Kimondo kimetoboa chumba cha nyuma, hewa inavuja. Nusu ya mabaharia wako huko nyuma. Ukifunga mlango wa katikati, walio nyuma wanakufa. Usipofunga, mnakufa nyote. Watu wa mbali waliutunga hivyo makusudi, usishindike, ili wamwone mtu anabebaje jambo zito lisilo na upande mzuri.

Hawakuijua nchi ile. Kule waliushinda mara ya kwanza tu.

Mshindi wa kwanza alikuwa shemeji wa mtu. Aliposikia kimondo kimetoboa chombo, alisimama, akafunga vifungo vya koti, akakohoa. "Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, "waheshimiwa wakuu wa idara, waheshimiwa wakuu wa idara wastaafu, viongozi wetu wa dini, wazee wetu wa heshima, wawakilishi wa vyama vya akina mama, wanamichezo, mabibi na mabwana, na ninyi mabaharia wenzangu mlioko nyuma mnaokosa hewa, itifaki imezingatiwa..." Hakufika mbali. Mashine ile ikikaa muda mrefu bila kuguswa hujizima kuokoa umeme, na kabla ya kulala huandika kiooni neno la mwisho. Ikaandika: Hakuna uamuzi uliofanyika. Hakuna kosa lililoonekana.

Hakuna kosa! Watu wakambeba mabegani.

Wa pili aliunda kamati ndogo ya kukichunguza kimondo. Wa tatu alikiambia kimondo kije Jumatatu. Wote hawakuonekana na kosa. Wizara ikakaa, ikatafakari, ikatoa kitabu kizuri chenye jalada la kung'aa kinachofundisha mbinu hiyo kwa vizazi vijavyo. Mbinu inaitwa Utulivu wa Kimkakati. Kwa ufupi inasema: hatari ikija, ipe kiti, iulize habari za nyumbani, mwishowe itachoka yenyewe.

*

Sasa nikwambieni habari za Luteni Nyamizi.

Alikuwa binti mrefu mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, aliyezoea kurusha vindege vya kunyunyizia dawa mashamba ya pamba. Yeye kofia hakuitakia nyuzi zake. Alitaka siku moja kile chombo kiruke, naye awe kitini. Siku za mapumziko alikwenda kiwanjani, akawasogeza mbuzi, akapanda ndani ya Fahari ya Taifa na kitambaa cha maji akavifuta vioo. Wenzake walidhani ameadhibiwa.

Mtihani alikuwa ameshafeli mara mbili, na sababu zote mbili ni kuamua. Mara ya kwanza aliufunga mlango wa katikati, machozi yakimtoka. Mashine ikasema, "Kosa: nusu ya mabaharia wamefariki." Mara ya pili alimkabidhi mwenzake kiti, akakimbilia nyuma kuziba tundu kwa mikono yake, akaamuru afungiwe huko huko. Mashine ikasema, "Kosa: nahodha ameondoka kitini bila kibali."

Kanuni za pale zilisema anayefeli mara ya tatu jina lake linafutwa, harudi tena maishani. Nyamizi alikuwa ameshachaguliwa hata pa kupelekwa: kituo cha kupima mvua huko mpakani, mahali ambapo mvua yenyewe inajulikana kwa jina tu.

Aliyekaa naye kwenye usukani ni Sajini Chande, mtani wake, mtu mfupi asiyejua kunyamaza. Asubuhi ya mtihani alimshika mkono.

"Mtani, leo usiamue. Nakuomba. Kaa kama gunia la mchele."

"Na hewa ikiisha?"

"Ikiisha na wewe isha, lakini kimya kimya."

Nyamizi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sawa," akasema. "Leo sitaamua kitu. Naitaka ile kofia, Chande."

"Apia."

"Naapa."

*

Siku hiyo ndiyo siku ambayo Waziri wa Anga, Mheshimiwa Daktari Sifaeli Kwezi, alikubali kuwa mgeni rasmi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na heshima yenyewe alijipa. Alifika mchana wakati watu walialikwa asubuhi, na watu wakashukuru kwamba amewahi.

Alipoonyeshwa kiti chake chini ya turubai, alikataa. "Mimi nikae nje kama mwalikwa wa harusi," alinguruma, huku akimwangalia mpiga picha wa televisheni, "wakati chombo cha wananchi kinapata ajali? Naingia! Nitakufa nao kama ni kufa!"

Makofi. Basi ikabidi meza kuu iingizwe ndani. Wakaingiza kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa za maji, na sofa la watu watatu alilokalia Waziri peke yake. Wakaingia mlinzi mwenye miwani nyeusi, mpiga picha, mbeba mkoba, mama wa itifaki, bwana wa kumpepea Waziri, na wengine ambao kila mmoja alidai yupo na mwenzake. Chumba cha watu wanne kikajaa kama kisomo. Kiti cha Nyamizi kilisukumwa nyuma ya sofa, akawa anaziona nyota kati ya sikio la Waziri na bega la mlinzi. Kofia ya nahodha waliiweka mbele kabisa, juu ya mto wa hariri, pembeni ya maua.

Mlango ukafungwa, hewa ikabaki ile ya tundu.

Nje shughuli ilikuwa mikononi mwa mshereheshaji, Bi Mashavu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ratiba yake ilisema: mtihani, mgeni rasmi kukata utepe mlangoni, chakula. Kwa hiyo mlango ulipofungwa tu, Bi Mashavu akaleta utepe mpana wenye rangi za bendera, akauzungusha mlangoni juu ya kitasa, akaufunga fundo kubwa zuri kama zawadi ya bibi harusi.

"Hata sindano haipiti," akasema, akapiga hatua nyuma kujisifu.

Kisha spika zikagoma. Bi Mashavu akafuata waya mpaka ukutani, akakuta soketi ni moja tu, na imekaliwa na plagi nyeupe. "Ya nani hii?" akauliza. Wa kumjibu hakuwapo. Akaichomoa, akachomeka yake, na muziki ukaanza kupigwa vizuri kabisa.

Ile plagi nyeupe ilikuwa ya feni.

*

Ndani, mashine ikaamka. "Shikamoo, Mheshimiwa Nahodha."

"Marahaba," akaitikia Nyamizi kutoka nyuma ya sofa.

"Samahani kwa usumbufu. Kwa heshima na taadhima, kimondo kimetoboa chombo chako. Hewa inapungua."

Waziri akafurahi akapiga makofi. "Nasikia! Nasikia kabisa inapungua! Hii ndiyo teknolojia!" Mbeba mkoba akasema na yeye anasikia. Mama wa itifaki akasema yeye anasikia zaidi, halafu akaomba radhi kwa kusikia zaidi.

Nyamizi akakaa kama gunia la mchele. Mashine ikaomba uamuzi, yeye kimya. Ikaomba tena kwa unyenyekevu mkubwa, yeye kimya. Chande akamkonyeza: vizuri, endelea hivyo hivyo. Jasho likaanza kuwatoka. Kitambaa cha meza kikalowa. Bwana wa kupepea akapunguza mwendo, akawa anapepea kama mtu anayeaga meli.

Chande alikuwa na tabia ya kufunga kiuzi kwenye lile tundu la ukutani, kiwe kinacheza ajue feni inafanya kazi. Akatupa jicho juu. Akatazama tena.

"Mtani," akanong'ona, na mara hii hakukuwa na mzaha ndani yake, "kile kiuzi hakichezi."

Nyamizi akakitazama. Kimelala.

"Mheshimiwa," akasema, "feni imezimika. Hewa inapungua kweli."

Waziri hakugeuka. "Luteni, hapo ndipo mnapofelia. Waliokutangulia walilalamika?"

"Wao walikuwa na feni, Mheshimiwa. Naomba tutoke."

"Tutoke twende wapi? Tuko angani! Nje hakuna hewa."

"Nje kuna pilau, Mheshimiwa," akasema Chande.

Mlinzi, ambaye kazi yake ni kulinda, akaanza kuugonga mlango kwa ngumi. Wengine wakamfuata. Nje Bi Mashavu akainua kipaza sauti. "Mnasikia, ndugu wananchi? Ndani kumenoga!" Bendi ikaidaka ile mipigo, wapiga ngoma wakaifuata moja kwa moja, na akina mama wawili wakainuka kucheza.

Aliyeshtuka ni Naibu Waziri, Bwana Ngoja Masumbuko. Huyu alikuwa naibu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mawaziri walikuja na kuondoka, yeye akawapokea na kuwasindikiza. Mfukoni alikuwa na hotuba ya kuapishwa, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mistari ya katikati imefutika. Akaweka sikio mlangoni.

"Wanasema wafunguliwe," akasema.

Bi Mashavu akanyoosha mkono kwenye kitasa, mkono ukaishia hewani. "Kuna utepe."

"Ukate."

"Mimi? Utepe unakatwa na mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Basi mwite aje akate, atoke."

Bi Mashavu akaona ni wazo la maana. Akatangaza kwenye spika, kwa sauti yake yote: "Mgeni rasmi anaombwa afike mbele kukata utepe, ili mgeni rasmi apate kutoka!"

Wakangoja. Hakufika.

"Wewe ni naibu, Mheshimiwa," Bi Mashavu akasema. "Kata wewe."

"Naibu anakaimu mgeni rasmi akiwa hayupo," Bwana Ngoja akajibu taratibu. "Huyu yupo."

"Tumwulize kama yupo?"

"Akijibu, ndiyo yupo. Asipojibu," akasema Bwana Ngoja, akaigusa hotuba mfukoni, "tutangoja kidogo."

*

Ndani mbeba mkoba akateleza pole pole, akalala juu ya maua ya plastiki. Hakuamka. Mama wa itifaki akaketi sakafuni bila kufuata itifaki yoyote.

Nyamizi akasimama. Hatua moja tu kutoka kitini pake kilikuwa kile kishikio chekundu.

"Ukivuta hicho umefeli!" Waziri akasema. Tai ilikuwa imelegea, midomo imebadilika rangi, lakini kidole chake cha kukemea kilikuwa juu vile vile. "Na usije nyumbani kwangu na shangazi zako kulia. Kanuni nimeisaini kwa mkono wangu. Matokeo ya mashine ni ya mwisho! Hayakatiwi rufaa na mtu yeyote, hata mimi. Mmenisumbua sana, ninyi mnaofeli."

Kioo cha nyota kikaanza kufifia. Mashine ilikuwa inajiandaa kulala.

"Mtani," Chande akasema kwa kuhema, "inazima. Kidogo tu... itaandika hakuna kosa. Kofia ni yako."

Nyamizi akaitazama kofia. Ilikuwa karibu, nyuzi zake zikimetameta kwenye taa nyekundu. Akamtazama mbeba mkoba. Akamgeukia Chande. "Huyu naye tumwandikeje? Hakuna kosa?"

Chande akainama, akamlegeza mbeba mkoba tai.

"Kwa heri, kofia," Nyamizi akasema, akavuta.

Mlango ukaruka, utepe ukakatika kama uzi wa buibui, hewa ikaingia na harufu ya pilau, na waheshimiwa wakamwagika nje kwenye majani mmoja juu ya mwingine. Mbeba mkoba alitolewa akiburutwa miguu, akapigwa maji usoni, akafungua macho na kuuliza mkoba uko wapi.

Nyuma yao, chumbani, sauti ya mashine ikasikika, imejaa majonzi: "Samahani sana, Mheshimiwa Nahodha. Mlango umefunguliwa angani. Mabaharia wote na wageni wote waliokuwamo wamefariki. Mungu azilaze roho zao mahali pema peponi. Matokeo ni ya mwisho."

*

"Maji!" akalia Waziri. Akapewa, akanywa chupa nzima, akapata nguvu ya kugomba. "Luteni! Umefeli!"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Umeangamiza chombo kizima!"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Umeniua mimi, Waziri!"

Bwana Ngoja akasogea mbele hatua kwa hatua, kama mtu anayemnyemelea kuku.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Unasema umekufa?"

"Si mashine imesema? Hukusikia?"

"Nimesikia. Na matokeo ya mashine, Mheshimiwa..."

"Ni ya mwi—" akasema Waziri, akakwama hapo.

Bwana Ngoja akavua kofia. Machozi yalimlenga, na sijui mtu angeyaitaje machozi yale. "Ndugu wananchi," akasema, "taifa limepata msiba. Tusimame."

Wote wakasimama. Bendi ikabadilisha wimbo. Waziri akapiga kelele kwamba yeye ni mzima, kwamba wamguse wamwone, na Bi Mashavu akainama kwenye kipaza sauti kwa upole mkubwa: "Marehemu, tunaomba utulivu."

"Hata akiwa hai alikuwa mkali hivi hivi," mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, akafuta jicho.

Mlinzi akavua miwani, akampa Waziri mkono. "Basi mzee, mimi nami marehemu. Sina zamu tena. Napita nyumbani."

Marehemu alizikwa kesho yake asubuhi, kwa heshima zote za taifa. Kwenye jeneza waliweka picha yake na kile kidole walikichora vizuri. Mchana akafika wizarani mwenyewe, amechoka na jua, akamwomba karani chai yake ya siku zote.

"Chai ya Waziri," karani akamwambia, "ameshainywa Waziri."

Maana Bwana Ngoja alikuwa ameshaapishwa. Hotuba alivyoisoma, mistari ya katikati haikuonekana, akairuka, na hakuna aliyegundua. Jambo lake la kwanza aliagiza utepe ufungwe upya ili yeye apate kuukata. La pili, aliagiza kile kishikio chekundu king'olewe, ili ajali ya kusikitisha kama ile isitokee tena.

*

Na Nyamizi? Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya watakaokuwa manahodha, kama kanuni ilivyosema. Mpakani hawakumpeleka, kwa sababu marehemu hahamishwi kituo. Akarudi kwenye vindege vya pamba. Pamba haimwulizi mtu cheti cha uhai. Lakini siku za mapumziko watu walimwona bado kiwanjani na kitambaa chake, anavifuta vioo vya Fahari ya Taifa, na askari wa zamu akimwacha, kwani maelekezo yake hayakusema lolote juu ya wafu.

Mwaka ukazunguka. Mtihani ukaja tena, mara hii mtahiniwa ni mpwa wa Waziri Ngoja, na Waziri Ngoja ndiye mgeni rasmi, naye akataka kukaa ndani. Akaingizwa na sofa la watu wanne. Bi Mashavu akafunga fundo. Spika zikagoma. Soketi ilikuwa ile ile moja.

Nyamizi na Chande hawakualikwa, basi walikuwa nyuma ya maturubai na akina mama wa pilau, wanamenya vitunguu. Wakasikia ngumi mlangoni. Wakasikia "Ndani kumenoga!" Wakasikia mgeni rasmi akiombwa afike mbele. Nyamizi akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaja mbele.

"Huruhusiwi kugusa utepe!" askari akamkemea.

"Mimi marehemu."

Askari akawaza, akampisha.

Nyamizi akashika kitasa, akaweka mdomo karibu na mlango. "Shikamoo, Bwana Waziri."

Ngumi zikaacha. "Fungua!"

"Shikamoo, nasema."

"Mara... haba! Fungua!"

"Nafungua. Lakini unajua mashine itasema nini. Ukinyamaza, italala, na hakuna kosa litakaloonekana. Wewe ndiye nahodha humo sasa. Amua."

Bendi ikakata wimbo katikati. Hata akina mama wa pilau walikuja na miko yao. Sauti ya Waziri ikatoka, nyembamba:

"Tuunde... kamati..."

"Kamati ina watu wangapi wanaopumua?"

Chande aliniambia baadaye kwamba kitasa Nyamizi alikuwa ameshakizungusha nusu. Ndipo ikaja sauti nyingine, ambayo haikuwa na Mheshimiwa wala Daktari ndani yake, sauti ya mzee tu aliyechoka.

"Mwanangu, fungua."

Akafungua. Utepe ukaenda zake. Wakamwagika kwenye majani, wote wazima, na mashine ikaanza: "Samahani sana..." lakini hakuna aliyeisikia, watu walikuwa wanashangilia. Nyuma kule, chini ya turubai, naibu wa Bwana Ngoja akasimama taratibu, akavua kofia, akaingiza mkono mfukoni.

Tangu hapo mawaziri wa nchi ile hawastaafu na hawafukuzwi. Kila mwaka wanaingia na sofa na wanatoka marehemu, na watu wanakuja na mikeka yao mapema wapate nafasi ya mbele. Nyamizi wanamwita Nahodha. Kofia hana. Chombo hakijapanda hata shubiri na mbuzi bado wamelala chini yake. Ila watoto wa kule ukiwauliza nahodha ni mtu gani, hawakuonyeshi kofia. Wanakuonyesha mkono, umekunjwa hivi, kama ulioshika kitasa.

Haya, mji wenu nawarudishia, nimeutumia vizuri. Na wewe wa nyuma, weka mkate chini ujibu: aliyezikwa asubuhi, mchana akaja kudai chai, ni nani? Ukishajibu, nenda kafungue mlango, humu ndani tumekuwa wengi. Nimeona mtu kauzungushia kitambaa. Usimngoje mwenyewe. Sukuma tu.